Maji ya Bamvua Mto Vaal

Nilimleta Mama Johannesburg mwaka 2017, baada ya Baba kufariki na yeye kuanguka uani peke yake, akalala pale mpaka jirani alipopita kuomba moto. Nikaapa kwamba harudi tena Tanga. Nina chumba, nina cherehani, nina wateja, na mama ni mmoja tu. Akae nami hapa Fordsburg mpaka Mungu atakapoamua. Yeye hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Tutaona," na mimi namjua mama yangu: akisema tutaona, yeye ameshaona.

Baridi yote alikaa dirishani na blanketi. Dirisha lenyewe linatazamana na ukuta wa duka la vitambaa. Adhana ndiyo kitu pekee alichokitambua, basi akishaswali anarudi kukaa. Samaki niliyemnunulia dukani alimgeuza kwa kidole. "Huyu amekufa mara mbili," akasema, akala wali mtupu. Nikimwambia atoke, atembee kidogo, apazoee, ananiuliza aende wapi. Nilikuwa nakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hizo nimezirithi kwake, kwa hiyo chumba kikawa na pasi mbili za moto.

Septemba ilipoingia na miti ikaanza kuchipua, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Kalemie aliyekulia ziwani na sasa analinda jengo moja Hillbrow, alisema anakwenda kuvua Mto Vaal siku yake ya mapumziko.

"Dada, tumupeleke na Mama. Baridi ikiisha, samaki inaamukaka na njaa."

Mama alikuwa jikoni. Nilimsikia akiweka sufuria chini.

Kwetu wanawake hawasubiri mashua. Wanafuata maji yakipwa, wanatanda uduvi kwa vyandarua, wanachokoa pweza kwenye mawe, na Mama zaidi ya hayo alikuwa na mshipi wake wa mkono, akiutupa kwenye mkondo wa mikokoni. Hesabu ya mwezi aliijua kama mimi ninavyoijua futi yangu ya kupimia. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji ni ya bamvua: asubuhi yanapwa mbali kabisa, alasiri yanarudi yamejaa.

Tulifika mtoni jua limeshapanda, nyasi bado kavu za baridi iliyopita. Jirani akapanga fito zake na kufinyanga chambo cha ugali wenye sukari. Mama alizikataa fito. Aliomba uzi na ndoana, akauzungusha uzi kwenye chupa ya soda, kisha akasimama akiyatazama mawe. Yalikuwa yameloa hadi juu, juu kabisa kuliko maji yalipokuwa wakati ule.

"Yamepwa," alisema.

"Mama, huu ni mto."

"Na Pangani ni nini, si mto? Mto gani hauishii baharini? Jana mwezi ulikuwa mpevu. Alasiri yatarudi, na msinisumbue."

Jirani alinitazama. "Sisi kwetu maji ya ziwa haiendaka popote," akasema kwa heshima, "lakini watu ya bahari ndiyo munajua."

Na alasiri maji yakarudi, wallahi. Yalipanda polepole juu ya mawe mpaka kwenye alama yake. Mama akatupa mshipi pale yalipokuwa yakiingia kwenye nyasi, akavuta samaki mnene wa magamba makubwa, akacheka. Tangu msiba nilikuwa sijamsikia akicheka. Mimi, mtoto wa Tanga, ninayejua bahari iko mbali kiasi gani na Johannesburg, niliamini. Nilitaka kuamini.

"Kumbe hata huku yanafika," alisema tukiwa njiani, kama mtu aliyeletewa salamu.

Akaanza kutoka. Alikwenda sokoni peke yake, akagombana na muuza bilinganyi, akarudi amefurahi kwelikweli. Jioni alipanda juu ya paa kuutazama mwezi. Kisha akaniomba nimshonee dera jepesi la siku za joto. Siku za joto zilikuwa bado ziko mbele! Nililishona kabla ya kazi ya mteja yeyote.

Mwezi ulipoandama tulirudi mtoni, Mama amevaa dera lake juu ya sweta. Alinionyesha jiwe moja. "Yatafika hapa."

Tukasubiri. Alasiri iliingia, ikapita, maji hayakusogea. Mara mbili Mama alikwenda kulishika lile jiwe, na mara zote lilikuwa kavu. Mwishowe jirani akamwendea mzee anayetunza pale, wakaongea Kizulu, akarudi akijikuna kichwa.

"Eish, Mama. Kule juu kuko baraji, ile ukuta ya kuzuiya maji. Wanafunguaka, wanafungaka. Leo hawakufungula."

"Nani?"

"Watu ya kazi, Mama."

"Na mwezi?"

Jirani akaanza kufungasha fito zake.

Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alizungusha uzi kwenye chupa mpaka ukaisha. Tulipokuwa garini alisema, "Nipeleke nyumbani, mwanangu." Nilijua hakukusudia Fordsburg.

Nikawaka. Nani atamwokota akianguka? Hapa ana mimi, ana hospitali, ana kitanda chake. "Kwa maji tu, Mama? Unaniacha kwa ajili ya maji?"

Alinishika goti. "Kule nikifumbua macho, kabla sijainuka kitandani, najua maji yako wapi. Hapa sijui kitu mpaka uniambie wewe. Nikianguka kule, nimeanguka mahali ninapopajua."

Nililia mpaka taa nyekundu ya robot ya kwanza ya mjini ikatusimamisha. Jirani aliongeza sauti ya redio, kwa adabu.

Aliondoka kabla joto halijafika, na dera alikwenda nalo. Binti wa jirani yake hulala kwake siku hizi. Hilo nililishikilia mpaka akakubali. Nami kila ninapouona mwezi mpevu kati ya maghorofa, kesho yake asubuhi nampigia simu. Zamani nilikuwa namwuliza anaumwa wapi. Siku hizi namwuliza, "Mama, maji yako wapi?"

"Yamepwa. Kata simu, unanichelewesha."

Nakata. Na siku hiyo nzima, nikiwa kwenye cherehani, najua Mama yuko wapi.