Shikamoo ya Koleta

Kwa miaka thelathini Koleta alikuwa hawara wa Nestory, mkulima wa tumbaku pale Usoke, na kijiji kizima kilijua. Alimzalia Julieth, akamchochelea moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kila msimu wa kukausha majani, lakini kizingiti cha mkewe, Mektilda, hakukivuka hata siku moja.

Asubuhi Nestory alipozidiwa na ugonjwa, Julieth alimsomea mama yake habari kwenye simu. Mfalme mmoja wa Uingereza alipokuwa anakata roho, malkia alikubali hawara aitwe amuage.

“Kama malkia aliweza, Mektilda ni nani?” Koleta akasema, akajifunga khanga, akaenda.

Mektilda alimzuia mlangoni. “Umefuata nini hapa?”

“Nasikia Nestory hafiki jioni. Nimekuja kumuaga. Hata malkia wa Waingereza aliruhusu.”

“Mimi si malkia. Ila kwangu watu huingia kwa salamu.”

Koleta akaelewa. Alimzidi Mektilda miaka saba kamili, na tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo? Alisimama juani, ameuma meno, mpaka akasikia kikohozi cha mgonjwa kutoka ndani. Akapiga goti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” Mektilda akaitikia polepole, kama anayelamba asali. “Haya, nenda salama.”

Mlango ukafungwa. Kikohozi kikasikika tena, karibu kabisa, nyuma ya dirisha, na Koleta hakuwa na salamu nyingine ya kutoa.