Mtani Aliyepewa Heshima

Semboja alikuwa mtu wa kutukanwa, na hakuna baraka aliyoipenda kuliko hiyo. Alitoka Handeni kwenda Mnyuzi kukata mkonge, na huko akaikuta nyumba ya mzee Abraham, ambaye ukoo wake na wa Semboja walikuwa watani tangu enzi za mababu. Bibi Bernadina, mke wa Abraham, kila alipomwona njiani alipaza sauti: "Ficheni kuku! Mzigua anakuja na njaa ya kwao!"

"Kuku gani, bibi? Si wamekufa wote kwa kukutazama?"

Siku iliyopita bila maneno kama hayo, Semboja aliiona imepungua chumvi.

Kisha likaja soko huria. Shamba la mkonge likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na Semboja, asiye na mke wala mtoto, akabaki na chumba cha kupanga na utani wake. Ndipo kampuni ya kigeni ilipofika kuchunguza miamba ya kale iliyolala chini sana ya ardhi kati ya Korogwe na Handeni, kama bakuli lililofukiwa, ili kujua kama ilihifadhi mafuta au gesi. Mafundi walilipua baruti ndani ya mashimo marefu, na vyombo vilivyochomekwa ardhini vikanasa mwangwi uliorudi kutoka vilindini. Vyombo hivyo vilisikia kila kitu: mchi ukitwanga, ng'ombe wakipita, hata mtoto akikimbia. Semboja akaajiriwa kutangulia na kibendera chekundu, awaombe watu watulie mpaka mlipuko upite.

Asubuhi moja gari moshi la mizigo lilichelewa. Stefano, mkuu wa kikosi, akaamuru wote wangoje, kwa kuwa gari moshi haliambiwi linyamaze. Lilipokwisha kupita, kilio kikazuka nyumbani kwa Abraham. Mzee alikuwa amefia Korogwe, na mwili wake ndio kwanza ulikuwa ukiteremshwa kutoka kwenye gari lililouleta.

"Kawatulize," Stefano alisema.

"Mkuu, ule ni msiba."

"Kidogo tu. Wewe si mtani wao? Watakusikiliza."

Semboja akaenda. Akasimama uani, akainua kibendera, akaweka kidole mdomoni. "Nyamazeni! Nyamazeni nyote!"

Kilio kikakatika, kisha kikageuka kicheko. Desturi humruhusu mtani kuchekesha msibani, na waombolezaji walidhani ameianza kazi yake.

"Mwoneni mwehu huyu!" alisema Bernadina, akifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Leo anawapangia waliaji zamu!"

"Mpeni ugali," mwingine akadakia, "huo ndio unaomliza yeye!"

Semboja hakucheka. "Bibi, nasema kweli. Kule wanasikiliza mawe."

Bernadina akatazama nyuma ya Semboja. Akaliona gari jeupe barabarani na Stefano aliyeinua mkono, akingoja. Uso ukamsawijika. Akaketi chini karibu na mwili wa mumewe, na watu wote wakanyamaza. Ardhi ikatikisika kidogo. Vikombe vikagongana juu ya meza. Stefano akashusha mkono.

Tuseme wazi: gari moshi lilisubiriwa, mjane hakusubiriwa. Nchi ina haki ya kujua kilichomo tumboni mwake, wala hakuna anayewalaumu wataalamu kwa kuchunguza. Lakini ni elimu gani hii inayosikia unyayo wa ndama na isisikie kilio cha binadamu? Na ni aibu iliyoje kumtuma mtani, wa kuwafariji, akawazibe midomo!

Tangu siku ile hakuna aliyemtukana Semboja. Bernadina akimkuta sokoni Manundu humwambia, "Hujambo, bwana Semboja? Habari za kazi?" Akitupa mzaha, hushukuriwa. Vijana waliokuwa wakimzomea sasa walimwamkia shikamoo na kumpisha njia. Heshima ilimzunguka kama boma la miiba.

Kampuni ikamaliza, ikaondoka. Semboja akawaza kwamba angalau akimpelekea Bernadina kilichosikika siku ile, huenda kimya cha mjane huyo kisiwe cha bure. Akaenda ofisini Korogwe kuuliza.

"Matokeo ni siri ya mwekezaji, mzee," karani alimjibu.

"Na sisi tulionyamaza?"

"Wewe ulilipwa?"

"Nililipwa."

"Basi."

Jioni hiyo alisimama uani kwa Bernadina, aliyekuwa akichambua maharage. "Hodi, mchawi!" akasema. "Bado hata fisi hajakuposa?"

Mikono ya Bernadina ikasimama juu ya ungo. Semboja akangoja tusi; lolote, lililo baya kuliko yote.

"Karibu, bwana Semboja." Bernadina akainuka, akaleta kiti cha wageni, akakifuta vumbi. "Walisikia nini siku ile, basi?"

"Wamekataa kusema."

"Pole. Utakunywa maji?"

Akayaleta kwa bilauri, juu ya sinia, akampa kwa mikono miwili. Semboja akaketi wima, akayanywa yote, akashukuru, kama afanyavyo mgeni.