Chumba cha Bei Nafuu Juu ya Sanawari

Kabla sijasema lolote, navua kofia. Tazama hapa utosini. Kichwa changu ni upara mtupu, ila hapa katikati pana nywele nyeusi tii, zimeota kwa umbo la kiganja cha mwanamke, vidole vikielekea kisogoni. Sijapaka dawa. Kinyozi wangu wa Babati anazinyoa, zinarudi. Ukitaka kuniita mwongo niite, lakini kwanza niambie nywele hizi zimetoka wapi.

Mimi ni Mmeru wa Kikatiti, ila kazi ya ukarani wa stoo ilinipeleka Babati, nikabaki huko. Mwaka juzi, mwezi wa saba, mke wangu Mama Nuru alipewa rufaa aje Arusha kutolewa uvimbe tumboni. Tulifika asubuhi, akalazwa, tukaambiwa ataingizwa chumba cha upasuaji kesho yake mapema. Akanishika mkono wa koti.

"Baba Nuru, siingii mle ndani bila kukuona. Usipokuwepo, nakataa."

Namjua mke wangu. Akisema anakataa, ujue amekataa. Na daktari alikuwa ameshatuambia kwamba uvimbe ule si wa kusubiri.

Sasa nilale wapi? Najua utaniuliza, huna mtoto Arusha? Ninaye. Nuru ameolewa Sombetini, na mumewe, Elibariki, ni dereva wa bodaboda. Wamejijengea nyumba yao kidogo kidogo. Mchana ule Nuru alinipigia simu.

"Baba, chumba cha uani kiko tupu. Nimeshatandika."

"Mwanangu, umeona wapi baba analala chini ya paa la mkwe wake?"

Ndivyo nilivyolelewa. Kwa mkwe unakwenda mchana, unakaribishwa, unakula, na jua likianza kuzama unaaga. Kulala ni aibu kwako na kwake.

"Baba, hayo ni ya zamani. Mama anakuhitaji karibu."

"Heshima haina zamani," nikamjibu, nikakata simu. Nakuambia ukweli, nilijiona nimesema neno kubwa sana.

Basi nikaanza kutafuta gesti. Mwezi wa saba Arusha imejaa wageni wa mbugani, na bei zimepanda kama Mlima Meru wenyewe. Gesti ya kwanza ilijaa. Ya pili, bei yake ingemaliza hela ya dawa. Ya tatu, karibu na stendi, kijana wa mapokezi alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akauliza, "Mzee, unapumzika au unalala?" Wenzake wakacheka. Nikabeba mfuko wangu, nikatoka. Mama mmoja muuza ndizi akanionea huruma. "Babu, panda huku juu, pita Sanawari. Huko watu wana vyumba vya bei nafuu, na ni pasafi."

Nikapanda. Unaijua baridi ya Meru mwezi wa saba? Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na majani yalidondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Kila nilipoulizia chumba niliambiwa kimechukuliwa juzi. Nikaendelea kupanda, nyumba zikapungua, mibuni ikaongezeka. Saa kumi na mbili inakaribia nikaona safu ya vyumba, mabati mapya, taa inawaka. Mlangoni alisimama msichana amejifunga kanga, miguu mitupu.

Nikasimama. Nikangoja shikamoo.

Hakusema kitu. Nikakohoa. Nikaweka mfuko chini, nikashika kiuno ili aone uzee wangu vizuri. Akawa ananitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeingia kanisani na kofia.

"Binti," nikasema, "siku hizi hamfundishwi kusalimia wazee?"

"Na wewe," akasema, "kwenu ulifundishwa kusalimiwa tu?"

Hebu fikiria! "Mimi nina wajukuu!" nikamwambia.

"Hongera. Unatafuta chumba au unatafuta ugomvi?"

Ningeondoka. Lakini giza lilikuwa linaingia, na Mama Nuru alikuwa kule chini ananitegemea. Nikauliza bei. Akasema nitalipa nikitoka. Akafungua mlango, nikaona ndani kitanda cha mbao, blanketi, kibatari. Nikapita karibu yake. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema. Mimi nilipopumua, mvuke ulitoka mdomoni. Alipokuwa akiongea yeye, hakukutoka kitu.

Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Nikageuka. Kwa ndani haukuwa na komeo wala kitasa. Nikatoa simu, mtandao hakuna. Baridi ya chumba kile, niamini, haikuwa ya mlima. Ilipanda kutoka sakafuni ikanishika magoti. Nikamwona Mama Nuru akilini, asubuhi, anatazama mlango wa wodi, nesi anamwambia twende, naye anakataa.

Nikagonga. "Binti, nifungulie!" Nikagonga tena. "Dada, tafadhali!" Nikapiga mbao kwa viganja vyote viwili. "Mama! Mke wangu yuko hospitali, mama!"

Sauti ikatoka upande wa pili, karibu kabisa na mbao. "Kuna kitu umesahau tangu ulipofika."

Sijui kwa nini akili ilinifunguka wakati ule. Labda ni hofu. Nilikumbuka kanga yake, rangi ambazo niliwahi kuziona kwa bibi yangu tu. Nikakumbuka mvuke. Nikajiuliza, kama mtu huyu alikufa akiwa msichana kabla mimi sijazaliwa, basi kati yetu mkubwa ni nani? Umri wake hausomwi usoni.

Nikavua kofia. Nikainamisha kichwa mbele ya mlango kama tulivyofundishwa utotoni, mtoto anampa mkubwa utosi wake auguse.

"Shikamoo, mama."

Mlango haukufunguka, nataka uelewe hivyo. Haukuwepo tena. Kiganja cha baridi kikatua kichwani pangu, kikatulia, mpaka baridi ikageuka kuwa uvuguvugu.

"Marahaba, mwanangu. Kwangu halali mtu ambaye ametandikiwa kitanda kwingine. Nenda."

Nilipoinua kichwa nilikuwa nimesimama kati ya mibuni. Hapakuwa na bati wala kibatari. Palikuwa na masale tu, yale majani ambayo kwetu hupandwa makaburini, yamepandwa kwa kuzunguka kipande kidogo cha ardhi. Mfuko wangu ulikuwa pale pale nilipouweka, umelowa.

Mzee mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Kuniona hapo, hakuniuliza mimi ni nani. Aliuliza, "Ulimsalimia?"

"Nimemsalimia."

"Basi utafika unakokwenda. Wengine tunawakuta asubuhi wameganda, hawajui hata majina yao."

Tukashuka pamoja, akanieleza. Zamani, kabla baba yake hajazaliwa, kulikuwa na msichana aliyeolewa karibuni, aliyekuwa akiteremka mlima kwenda kwao kujifungua. Mvua ikamkuta hapo, uchungu ukamshika. Akabisha kwenye nyumba ya karibu, ambayo ilikuwa ya baba wa mume wake. Baba mkwe alikuwa peke yake. Akasema kupitia mlangoni kwamba mke wa mwanawe hawezi kulala chini ya paa lake, ni aibu, asogee mbele. Hakusogea mbele. Asubuhi walimkuta kwenye mibuni, yeye na mtoto.

"Baba mkwe alijiona ametunza heshima," akasema yule mzee. "Mpaka anakufa hakuwahi kulala tena usingizi kamili."

Maneno yangu ya mchana kwa Nuru yalikuwa yananirudia, lile neno kubwa nililojisifia. Mtandao uliporudi nikapiga.

"Nuru, kile chumba bado?"

"Baba! Uko wapi? Nakupigia hupatikani! Eli, Eli, washa pikipiki!"

Elibariki alinikuta Sanawari. Alinisalimia akitazama tairi la mbele, hajui macho ayaweke wapi, na mimi pia sikujua. Sombetini nikakuta shuka jipya, blanketi mbili na maji ya moto ya kuoga. Tulikula ugali mimi na mkwe wangu kwenye sinia moja. Kila mtu alichota upande wake kwa adabu mpaka Nuru akasema, "Sasa nyama hii ya katikati mnamwachia nani, paka?" Tukacheka. Nadhani ndipo aibu ilipoondoka.

Alfajiri Elibariki alinifikisha hospitali kabla machela haijaja. Mama Nuru alinikazia macho.

"Umelala wapi?"

"Kwa mkwe."

Alicheka mpaka nesi akamkanya. Akaingia chumba cha upasuaji akiwa bado anatabasamu, na Mungu ni mwema, alitoka salama. Alipopata nafuu tulikaa kwenye chumba kile cha uani mpaka daktari akamruhusu safari. Yeye ndiye aliyeziona nywele hizi kwanza. Alizipapasa, akaniambia nisizipake rangi.

Wewe unayekuja Arusha kutafuta chumba cha bei nafuu, nisikilize. Kwanza jiulize ni nani ameshakutandikia, na kwa nini unamkataa. Mimi nilikataa kwa kiburi nikakiita heshima, na karibu nimkose mke wangu. Na kama huna mtu, ukapanda mlima kwenye ukungu, ukamkuta msichana mlangoni hasemi kitu, usingoje. Vua kofia. Salimia wewe.

Mimi siku hizi simngoji mtu. Watoto wa Sombetini wakiniona wanakaa tayari kucheka, maana babu anawaamkia wao. Mjukuu wangu mdogo ndiye peke yake asiyecheka. Ninainama, ananigusa hapa penye nywele, anasema, "Marahaba, babu."

Tukikutana kwenye ukungu, nitakuamkia na wewe. Itikia upesi, nikusikie, halafu nitatazama kama mdomo wako unatoa mvuke.