Jua lisizikute nepi za Nevena kambani

Saa kumi na nusu jioni, jua la Oktoba limebakiza kidogo tu kugusa mlima. Severina Karadzhova anapanda mtaa wa mawe, mkoba wa posta begani. Zimebaki barua tatu na gazeti moja. Kila akifika kwenye kona anatupia jicho kule juu.

"Likizama kabla sijafika, mama mkwe atanitafuna mzimamzima," anasema huku akicheka. Hata hivyo mwendo haupunguzi.

Leo ni siku yake ya kwanza kurudi kazini tangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Nevena, mwenye umri wa miezi minane. Mtoto ameachwa na bibi yake, Zlatka. Kinachomsumbua Severina tangu asubuhi ni kimoja: je, mtoto bado amevaa nepi za kitambaa, au bibi ameshamvalisha za dukani?

Katika milima hii ya Rodopi, nepi ya mtoto mchanga hailali nje, eti giza la usiku litamdhuru mtoto. Jua likizama iwe imeanuliwa, imepigwa pasi mbele na nyuma, na kukunjwa. Kwa watu wengi desturi hiyo ni ya siku arobaini za mwanzo. Kwa Zlatka haina mwisho.

"Kuamini, siamini," anasema Severina. "Lakini kuanua, naanua."

Ajabu ni kwamba Zlatka huyohuyo ndiye aliyezipinga nepi za kitambaa tangu mwanzo. Severina alipomfungulia furushi la nepi alizoshona kwa shuka kuukuu za pamba, mama mkwe alishika kiuno.

"Mimi nimechemsha nepi za wavulana watatu mpaka vidole vikachubuka, leo wewe unaniletea tena humu ndani? Kwa hiari yako?"

"Nitafua mwenyewe, mama."

"Utafua ukiwepo. Siku utakayorudi kwenye barua zako, mtoto anavaa za kutupa. Mimi za kwangu nimemaliza!"

Severina alikuwa na sababu yake, na aliipata kazini. Wakati wa baridi gari la taka halifiki mtaa wa juu kwa sababu ya theluji. Mifuko hukaa malangoni, mbwa huichana, na nepi zilizotumika husambaa njia nzima.

"Siku moja nilikuwa napeleka barua kwa kasisi," anasimulia. "Nikakuta mbwa amenitangulia, nepi mdomoni. Kasisi ananiuliza, hii imetoka kwa nani? Nikamwambia, Baba, mimi nagawa zenye anwani tu."

Hapo ndipo alipoapa kwamba akipata mtoto, mbwa hawatapata kitu kwake.

Miezi sita mambo yalikwenda vizuri. Alifua kila siku. Mumewe Ognyan, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, alisuuza na kukamua. Majirani walimtania mwanamume huyo akining'iniza nepi, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni, naye akawajibu kwa kichwa tu kwa kuwa mdomo umejaa. Juu ya nepi, mtoto alivaa chupi ya nailoni isiyopitisha maji.

Kisha ikafika Agosti, siku ya ubatizo.

Chakula kilikuwa mezani, banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, ikitoa moshi. Baba wa ubatizo, Stamen, mwanamume mnene aliyevaa suti ya kijivu, alimpakata mtoto na kuinua glasi ili aseme neno. Hakulisema. Alitazama chini, akaona suti yake imebadilika rangi kutoka mapajani hadi magotini.

"Jamani," alisema taratibu, "nilidhani maji ya ubatizo tumeyaacha kanisani."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Severina peke yake hakucheka. Alimvua mtoto chupi ya nailoni, akaikuta imejikunja na kutoboka kama karatasi iliyopita karibu na moto.

"Mama, hii imefanywa nini?"

"Nimeipiga pasi," alijibu Zlatka. "Siku ya ubatizo kila kitu cha mtoto hupigwa pasi. Mbele na nyuma."

"Zote?"

"Kwani niache mojawapo?"

Chupi zote za nailoni zilikuwa zimeharibika. Kila mtu alijua kwamba sasa nepi za kitambaa zimefika mwisho, na Zlatka angeweza kukaa kimya na kushinda.

Hakukaa kimya. Kesho yake alipanda kwa binamu yake mwenye kondoo, akarudi na sufu chafu, inayonuka, yenye mafuta yake yote. Akaisokota, akajifungia na sindano zake za kufumia. Alipotoka, alikuwa ameshika kisuruali kifupi cha rangi ya uji.

"Baba yangu alichunga kondoo miaka yote ndani ya joho la sufu kama hii," alisema. "Mvua ilimnyeshea, mgongo ukabaki mkavu. Muiteni Stamen."

Stamen alikuja na kitambaa cha meza cha plastiki, akajifunika magoti.

"Ondoa hicho, mwoga mkubwa wewe," Zlatka akamwambia.

"Dada Zlatka, suti nilikuwa nayo moja."

Akakiondoa. Mtoto akapakatwa, akanyonya chupa yake yote, wakakaa kungoja. Alipoinuliwa, nepi ndani ilikuwa chapachapa. Suruali ya Stamen ilikuwa kavu.

Severina alimwuliza mama mkwe kama basi, akirudi kazini, wataendelea na kitambaa. Jibu lilikuwa neno moja: "Tutaona." Na tangu hapo hajasema lingine.

Ndiyo maana sasa, barua ya mwisho ikishaingia sandukuni, Severina anakata kona ya nyumbani karibu anakimbia. Jua limeshazama. Kamba ya uani ni tupu.

Anasimama. "Basi," anasema kwa sauti ndogo. "Amemvalisha za dukani."

Anafungua mlango. Joto la jiko la kuni linampiga usoni, na harufu ya pasi. Juu ya meza kuna mnara wa nepi zilizokunjwa. Nevena amekaa sakafuni na kisuruali chake cha sufu, anatafuna kibanio cha nguo.

"Umechelewa," anasema Zlatka bila kugeuka. "Nikungoje wewe, jua linanisubiri mimi?"

Severina anavua mkoba na kukaa palepale sakafuni kando ya binti yake. Anasema anatumaini majira ya kuchipua mwakani Nevena ataanza kukalia poti, na nepi hizi atampa jirani anayetarajia mtoto.

"Hazitoki humu," anasema Zlatka, pasi ikipita mbele na nyuma. Karibu na jiko sindano zake zimelala juu ya kisuruali kingine kilichofumwa nusu. Ni kidogo sana, Nevena hawezi kukivaa.

"Mama, hicho ni cha nani?"

"Nagawa zenye anwani tu," anajibu Zlatka, na kwa mara ya kwanza anageuka, akimtazama mkwewe tumboni.