Ndege Waliojificha Kwenye Kikwembe cha Mama

Enzi zetu pale Bigo, mtaa wetu wa Bunia, picha ya mtu haikupatikana kwa kubonyeza kitu. Ulimkalisha, ukamtazama mpaka akaona haya, kisha ukachora. Nyinyi mliokua nami mnakumbuka: tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurushiana miguu kwa nyimbo, mpaka vumbi jekundu likatupanda magotini, Jumamosi tukafua wenyewe sare zetu za bluu na nyeupe, na jioni tukala bugali na mboga za lengalenga kwenye sahani moja, aliyechelewa shauri yake. Mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja zaidi, nao ni kuchora.

Aliyeniambukiza ni Noko Faustin, ndugu yake mama. Ndiye aliyechora wale wanawake warembo kwenye milango ya mafundi cherehani wa mtaa. Mwaka ule nyanya yangu wa Mahagi alimtumia mama kikwembe kipya, kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, pamoja na ujumbe kwa mdomo wa dereva wa lori: anataka kuona kinavyomkaa binti yake. Nikajitolea mimi, mtoto wa darasa la tano, kwa kiburi ambacho mpaka leo kinanichekesha. Nilichora kwa makaa, upande wa ndani wa karatasi ya mfuko wa saruji. Kifutio chetu kilikuwa nyama ya mkate, ile laini ya ndani, na nyingi niliila kabla sijakosea.

Jumapili baada ya misa mama aliketi uani kwenye kigoda, nikaanza. Ndege wale kwangu walikuwa mali. Nilishawasikia wanawake wakigombana na fundi kwa sababu mkasi umempitia ndege shingoni. Basi nikawachora wote wazima, mmoja mmoja, wamepanga mstari. Noko alipoona alicheka mpaka akakohoa.

"Weye, uko unachora mama yako ao uko unachora mulango?"

"Lakini ndege watakatika, Noko."

"Hawakatike. Wanajificha. Angalia fasi yenye nguo inashikwa: kiuno, goti, kiwiko. Mukunjo inaanzia pale. Acha ndege aingie mule na bawa yake."

Iliniuma kuwaficha ndege wazuri vile, lakini nilitii. Kuanzia siku ile sikuona watu tena, niliona nguo tu. Nilining'iniza taulo kwenye msumari na kulitazama nusu siku. Kanisani nilisahau kuimba kwa kuangalia viwiko vya katekista. Shuleni direkta aliponyanyua fimbo anichape kwa kutosikiliza, bado nilikuwa nahesabu mistari inayotoka kwapani mwake.

Kila Jumapili mama aliketi, kila Jumapili nikaendelea. Ya nne mikunjo ikanikataa. Badala ya kuanzia kiunoni na kushukia magotini kama nilivyofundishwa, ilianzia juu, chini ya kifua, ikakimbilia pembeni, na katikati nguo ikabaki laini, ndege watatu wakionekana wazima. Nikafuta. Nikachora upya, ikatoka vilevile. Lori la Mahagi lilikuwa linaondoka kesho yake, nami nikaanza kulia, maana niliona nimerudi kwenye kosa langu la kwanza. Noko akaja akaitazama karatasi. Akamtazama mama. Mama akainamisha macho, akaangalia mikono yake.

"Usifute," Noko akasema taratibu. "Acha vile iko."

Sikujua kitu. Sikujua kwamba mama alikuwa amepoteza mimba mbili mfululizo. Kwetu mimba haikutangazwa, na baada ya zile mbili mama hakuthubutu kuitaja hii ya tatu hata kwa mama yake mzazi. Baba alikuwa machimboni kwenye dhahabu, miezi mizima hatumwoni. Hofu ile aliibeba peke yake, akitwanga, akichota maji, akiketi kwenye kigoda ili binti yake ajifunze mikunjo.

Picha ikaondoka, imeviringishwa ndani ya jani kavu la mgomba. Wiki ya pili haijaisha, nyanya huyo mlangoni, kuku kwapani na gunia la unga kichwani, ameanza kusema tangu barabarani.

"Kikwembe inaniambia, na mutoto wangu mwenyewe ananinyamazia?"

Mama akalia kama mtoto. "Niliogopa kusema, mama. Niliogopa nikisema itapotea tena."

"Basi usiseme. Miye niko hapa."

Hakurudi Mahagi mpaka siku ilipofika. Ndoo ya maji ikahamia kichwani kwangu, mchi mikononi mwangu, na ole wake mama aguse. Uzazi ulikuwa mgumu, lakini mkono wa mama ulikuwa ndani ya mkono wa mama yake. Ndivyo alivyozaliwa mdogo wangu Rebeka, kwa kelele zilizosikika mpaka kwa majirani wa nyuma.

Leo binti yangu anapiga picha ishirini kabla chai haijapoa, kisha kwa kidole anafuta mikunjo yote mpaka gauni linafanana na ubao. Mimba za siku hizi zinajulikana Kinshasa kabla baba mtoto hajaambiwa! Siwaonei wivu, na simu ingemwita nyanya siku ileile. Ila nakumbuka sana zile Jumapili. Sijui kama bado kuna mtu anayetazamwa kwa muda mrefu namna ile.

Mama hayupo tena, wala Noko. Nyanya alipofariki tuliikuta picha kwenye sanduku lake, imekunjwa mara nne. Pua niliikosea, uso haufanani sana. Rebeka ameitundika sebuleni kwake. Mgeni akiuliza huyu mwanamke ni nani, hamwonyeshi uso. Anaweka kidole pale katikati, penye wale ndege watatu wazima, anasema, "Hapa ni miye."