Zawadi ya Kuvukia Daraja la Mawe

Wageni wakifika Tabora hupenda kupelekwa kuliona daraja la mawe, na mimi nikiombwa niwapeleke husema miguu inaniuma. Haiumi. Daraja lile silipendi tu, na kwa kuwa nimekwisha kuzeeka, sina tena haja ya kusingizia miguu.

Si kwamba ni baya. Lina matao matatu, na mawe yake yamechongwa yakashikana vizuri mpaka leo. Wajerumani ndio waliolijenga, au tuseme waliwajengesha babu zetu, mahali pale pale ambapo zamani njia ya misafara ilivuka mto. Bibi yangu aliwahi kuwaona wapagazi wakipita hapo na pembe mabegani, maji yakiwafika kiunoni. Mwingereza alipokuja hakuongeza kitu ila ubao wa kukataza magari mazito. Mto wenyewe unapita pembeni mwa mji, na kiangazi huwa ni mchanga mtupu. Wanawake huchimba vishimo humo na kusubiri maji yajae kata kwa kata.

Kwetu bibi harusi akifika mtoni husimama. Havuki mpaka upande wa mume umpe zawadi ya kuvukia: kuku, jembe, kanga, chochote cha kumbembeleza. Asiyesimama husemwa kwamba alikuwa na haraka ya kuolewa. Daraja lilipojengwa, vijana wakadai desturi imekwisha kwa sababu hakuna tena anayelowa. Bibi yangu akawajibu, "Mto ni mto hata ukiufunika." Basi maharusi wakaendelea kusimama, juu ya mawe sasa, na watu wakaendelea kucheka.

Mdogo wangu aliposwa wakati wa vita vya Hitla, kanga zilipokuwa adimu na sabuni tukiisikia kwa jina. Aliyemposa alikuwa mchuuzi wa asali na nta kutoka Itetemia, ng'ambo ya mto, mgane mwenye watoto wawili, mpole, mtu wa kanisani kila Jumapili. Baba yetu, fundi seremala, alimpenda kwa kuwa alikuwa hasemi sana. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa, nakaa mtaa wa Chemchem na mume wangu aliyefanya kazi reli, na nikachaguliwa kuwa msimamizi wa bibi harusi. Kazi yangu ilikuwa kumfunda, kumshika mkono hadi kanisani, na kumsemea njiani, maana siku hiyo bibi harusi hasemi na watu. Linalomtoka mdomoni analisikia msimamizi peke yake.

Siku tatu kabla ya harusi tulikuwa uani tunachagua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Dada, mimi sitaki."

"Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sitaki tu."

Nilipandwa na hasira. Sitaki tu! Mimi nani aliniuliza? Niliambiwa Jumatatu kwamba nimepata mchumba wa reli, Jumanne nikaonyeshwa picha yake, na picha yenyewe ilikuwa imekatwa, ina nusu ya uso. Kama angeniambia kwamba yule bwana ni mlevi, au anapiga, ningekwenda kwa baba wakati ule ule. Lakini hakuwa na sababu ya kunipa, na mimi sikujua kwamba kutotaka kwenyewe ni sababu. Nikamwambia atazoea kama tulivyozoea wote. Akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya harusi tulitoka nyumbani asubuhi, kwa miguu, na ngoma mbele. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya mto, na padri alikuwa anatungoja. Tulipofika katikati ya daraja mdogo wangu akasimama. Vigelegele vikapanda. Ng'ambo walikuwa wamejipanga wanawake wa upande wa mume, na mbele yao shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye maneno, ambaye hata leo sina ubaya naye.

"Haya, mkwe wetu," akasema, "mguu umeingia mwiba?"

Likaletwa jembe jipya. Hakusogea. Akaletwa jogoo. Hakusogea. Kikaletwa kibuyu cha asali, na upande wetu wakaanza kutamba: mnamwona? Huyu si wa kuokotwa! Ikaja doti ya kanga, mpya, ina gundi bado, katika mwaka ambao wake za makarani walivaa viraka. Watu wakapumua kwa mshangao. Mdogo wangu akabaki pale pale.

Hapo nikausikia mkono wake. Ulikuwa unanivuta nyuma, kule tulikotoka. Akainamisha shela yake karibu na sikio langu, akasema, "Dada, turudi. Nakuomba. Waambie sitaki."

Nilijua. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nimejaribu kujidanganya kwamba sikujua. Wale wengine wote waliona desturi, tena nzuri, ya kusimuliwa. Mimi niliona mtoto anayeomba kuokolewa.

"Msimamizi!" shangazi akaita. "Anasemaje?"

Ngoma ikanyamaza. Nikageuka, nikamwona baba nyuma kabisa, katika koti la kuazima, anatabasamu kama mtu ambaye hajawahi kutabasamu mbele za watu. Nikaufikiria wali unaochemka kwenye masufuria ya majirani. Nikafikiria na heshima yangu, msimamizi aliyeshindwa kumvusha bibi harusi. Haya yote yalipita haraka kuliko ninavyoyaandika.

Nikapaza sauti. "Anasema bado! Anasema hajamwona shangazi akicheza!"

Kicheko kilivunja mbavu. Shangazi akafunga kanga kiunoni, akacheza pale darajani na mwili wake wote, ngoma ikamfuata, watu wakashikana wasianguke. Na katika kelele zile nikamvuta mdogo wangu mkono. Nilitegemea atakaza miguu. Hakukaza. Alikuja mwepesi, kama vile hakuna kitu ndani ya nguo zile.

Padri alipomuuliza, alijibu ndiyo, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Nimejitetea kwa ndiyo hiyo miaka mingi. Alikubali mwenyewe, mbele ya Mungu, kwa hiyo mimi kosa langu liko wapi?

Mumewe hakuwahi kumpiga. Mdogo wangu hakulala na njaa. Kila tulipokutana alinipa shikamoo kwa adabu, akanisalimia watoto, akanifungia asali ya kwenda nayo. Basi. Neno la moyoni hakuniambia tena. Mtoto wake wa pili alipougua akafariki, nilisikia sokoni, kutoka kwa muuza dagaa, wakati matanga yamekwisha.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, watu wakizungumza uhuru kila kibarazani, alinitumia salamu kwamba tukutane darajani. Nilifurahi hata nikaona haya. Nilikaanga vitumbua, nikavaa vizuri, nikafika kabla yake. Alikuja peke yake kutoka upande wa Itetemia, nywele zimeanza mvi. Tukaketi kwenye ukuta mfupi wa daraja, tukala, tukatazama wanawake wanaochota maji mchangani.

"Binti yangu mkubwa ameposwa," akasema. "Anaolewa huku kwenu mjini."

Nikapiga kigelegele pale pale. "Nitakuja wiki nzima nimfunde! Shela ninayo, niachie mimi mambo ya..."

"Ndilo lililonileta, dada. Msimamizi nimempata mwingine."

"Mwingine nani? Mama yake mkubwa si mimi?"

"Jirani yangu."

"Jirani! Watu watasemaje?"

Alipangusa mafuta ya vitumbua vidoleni. Na mimi hasira zangu mnazijua sasa. Nikasimama, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyafungia: kwamba ananiadhibu kwa jambo la zamani, kwamba nilikuwa kijana, kwamba siku ile alikuwa na mdomo wake na mbele ya watu wote wale hakusema kitu. "Si ungesema!" nikamwambia. "Kwa nini hukusema?"

Alinitazama bila ukali. "Nilisema, dada. Nilikuambia wewe."

Akakusanya majani yaliyofungiwa vitumbua, akayakunja vizuri. "Huyu wangu nimemuuliza mwenyewe, na anamtaka mwenzake," akasema. "Lakini watoto hubadilika. Akifika hapa akibadilika, nataka aliyemshika mkono aseme alichoambiwa."

Harusini nilikwenda, sikuweza kutokwenda. Nilitembea nyuma kabisa pamoja na majirani. Msafara uliposimama darajani na vigelegele vikapanda, nilinyoosha shingo niuone uso wa yule mtoto, lakini kutoka pale nilipokuwa ulikuwa hauonekani.