Jina la Kifuani

Siku Sajini Evaldo alipostaafu zimamoto, wenzake walimmwagia maji ya mpira uwanjani, kama desturi ya kambi ilivyo. Mzee wa watu akalowa chapachapa, akacheka mpaka machozi. Machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Sare ilibaki kambini, na bila sare mama yake angemjuaje?

Zimamoto ya jimbo la Minas ni jeshi, na kila askari ana jina lake la vita, moja tu, linaloshonwa kifuani. Evaldo alipojiunga, akina Silva walikuwa wamejaa tele, na hilo Silva lenyewe lilikuwa la baba aliyewakimbia. Akachagua Lacerda, la mama. Mama mwenyewe, Bi Jandira, fundi cherehani, alilishona kwa mkono wake. Wenzake walimtania kwamba hajaacha kunyonya, hakujali.

Sasa mama kumbukumbu zimemtoka. Uso wa mwanawe haumwambii kitu. Ila kila Evaldo aliporudi kutoka zamu, mama alimpapasa kifuani, akasoma Lacerda herufi kwa herufi, akasema, "Huyu ni wangu."

Jioni ile aliingia na shati la kawaida. Mama akajikunyata kitini, akamwomba mkwewe, Marlúcia, amtoe huyo mwanamume, maana mwanawe yuko njiani. Evaldo ameopoa watu matopeni, ameingia nyumba zinazowaka. Neno lile lilimmaliza nguvu.

"Si ulikifumua kitambaa cha jina?" Marlúcia akamnong'oneza. "Mpe."

Akakitoa mfukoni, akapiga magoti. "Bi Jandira, kimebanduka. Nishonee."

"Nani kafumua hivi, panya?" Akadai sindano.

Evaldo akaanza kuvua shati. Mama akampiga kofi mkononi, atulie nalo mwilini. Kwao nguo haishonwi mwilini hivihivi, kwa kuwa anayeshonwa ni maiti kwenye sanda. Lazima maneno yasemwe. Enzi zile kifungo kikilegea asubuhi ya zamu, mama aliyasema, na ndipo Evaldo alipotoka na moyo mweupe. Akayangoja maneno hayo. Vidole vile vizee vilikwenda bila kubabaika, vikazunguka kitambaa chote.

"Nakushona ukiwa hai," akasema mama, akakata uzi kwa meno. "Hai, si maiti. Na urudi hivyohivyo, Evaldo."

"Nitarudi, Mama," akajibu Evaldo, ambaye kesho hakuwa na pa kwenda.